Umepelekwa kozi Singapore na una Jumapili moja tu, upande kilima kipi?

Serikali ya Singapore imekuwa ikiita maofisa wa nchi nyingine kwa kozi fupi tangu mwaka 1992, na siku hizi hapa Mtumba, kwenye mji wa serikali Dodoma, si ajabu kusikia mwenzako wa ofisi ya pili amepata safari. Akirudi anakuonyesha picha zilezile, ile hoteli yenye kama boti juu, yule simba anayetema maji, na duka la Orchard Road ambalo alizunguka tu bila kununua kitu maana posho ilikuwa inamtazama. Sasa hii ni kwa wale ambao Jumamosi asubuhi wakiwa Dodoma wanapanda Mlimwa au majabali ya nyuma ya mtaa wao, na wakifika ugenini miguu inawawasha. Kule kuna vilima vya msituni, ndani ya mji kabisa, unafika kwa treni, na ukikosea kuchagua unapoteza siku yako pekee ya mapumziko.

Ila kwanza tumalize kicheko. Singapore ni kisiwa tambarare, kilima chake kirefu kuliko vyote, Bukit Timah, kina mita 163.63 kutoka usawa wa bahari, hiyo ndiyo paa ya nchi. Dodoma mjini tupo zaidi ya mita 1,100, yaani ukiwa umesimama stendi ya Nane Nane unagombania siti ya basi la Singida tayari umekizidi kilele chao zaidi ya mara sita. Anayetafuta urefu abaki nyumbani aende Hanang. Kule unafuata msitu wa mvua, kitu ambacho sisi watu wa mibuyu na miiba hatukijui, na ugumu wake upo kwenye hewa. Huku jasho linakauka kabla hujalifuta, kule unyevu umejaa hewani, joto la mchana linacheza nyuzi 31 mpaka 33 na usiku halishuki sana chini ya 24, jasho likitoka limetoka, shati linabaki limekung'ang'ania mpaka urudi hotelini. Mtu anayepanda kilima cha kwetu kwa dakika arobaini bila kusimama anaweza kukaa chini hoi kwenye ngazi za kilima cha mita 100, na asione aibu.

Navipima kwa mambo haya: unafikaje ukitokea mjini na inakula muda gani, miguu na mapafu vinafanya kazi kiasi gani, msitu wenyewe ni wa kweli au ni bustani iliyochangamka, unaona nini, na mwisho kinamfaa nani. Gharama siiweki kama kipimo kwa sababu vyote havina kiingilio, isipokuwa kimoja kina nauli ya boti, nitakitaja.

Kabla hatujaanza, mambo yanayohusu vilima vyote. Mvua kule haina msimu kama ya kwetu ya Desemba mpaka Aprili, inanyesha mwaka mzima, jumla inapita milimita 2,000 wakati sisi tukifika 600 tunashukuru Mungu. Radi ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa mwaka kuna siku zaidi ya 160 zenye ngurumo, nyingi zinakuja mchana kuelekea jioni, kwa hiyo panda asubuhi. Jua linachomoza kama saa moja na kuzama kama saa moja, mwaka mzima, huna haja ya kubuni. Malaria waliitokomeza, Shirika la Afya Duniani liliwathibitisha mwaka 1982, lakini dengi ipo na mbu wake anauma mchana, paka dawa. Na kuna kima wenye mkia mrefu, hawa wameshajifunza kwamba mfuko wa plastiki mkononi maana yake chakula, watakufuata. Weka vitu vyote ndani ya begi na funga zipu. Usiwape hata ganda la ndizi, kulisha wanyama pori ni kosa kisheria na faini yake inahesabiwa kwa maelfu ya dola zao, posho yote itaishia hapo.

BUKIT TIMAH

Kufika: unapanda treni ya MRT mpaka stesheni ya Beauty World, unatembea kama robo saa kufuata barabara ya Upper Bukit Timah mpaka Hindhede Drive, hapo ndipo geti. Hifadhi inafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Ukitoka hotelini alfajiri, saa nne unaweza kuwa umemaliza na unatafuta chai.

Ugumu: kifupi lakini kikali. Njia kuu ni ya lami, inaanza kupanda palepale bila kukusalimia, kama kilomita moja na kidogo mpaka juu. Ukitaka ngazi zipo, zinakamua mapaja vizuri tu. Wenyeji wanapatumia kama uwanja wa mazoezi, wengine utawaona wanapanda na kushuka mara kadhaa na begi zito mgongoni wakijiandaa na milima ya nje, Kilimanjaro ikiwemo. Lami ikiwa imelowa inateleza, njoo na raba zenye meno.

Msitu: hapa ndipo Bukit Timah inapovizidi vingine, na nitakaa kidogo. Eneo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1883, enzi wakoloni wameshaanza kuona kwamba miti inakwisha, na kwa sababu hiyo sehemu ya msitu wa asili ambao haujawahi kufyekwa imebaki mpaka leo, ndani ya mji wa magorofa. Miti mirefu iliyonyooka kama nguzo, juu imefunga mwanga, chini giza la kijani na sauti ya wadudu inayokaribia kelele ya mashine ya kusaga. Yule mtafiti Alfred Russel Wallace alikuja hapa mwaka 1854 akakusanya aina kama 700 za mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu, kwenye eneo dogo tu, na wakati huo kulikuwa na mashimo ya kutegea chui milia, ukitembea unaangalia usitumbukie. Chui milia hawapo tena, walishamalizwa. Mnyama wa kutafuta sasa ni kolugo, anajitandaza akaelea kutoka mti mmoja hadi mwingine, mchana amejibana kwenye gome na ukimwona ujue una macho.

Ila msitu huu nao una kidonda. Miaka ya 1980 walipitisha barabara kuu ikautenga na msitu mkubwa wa jirani, wanyama wakashindwa kuvuka, mpaka mwaka 2013 walipomaliza daraja lililopandwa miti juu ya hiyo barabara ili wanyama wavuke. Sisi pale Mikumi tuna matuta na vibao vya faini, kila mtu na dawa yake.

Unachokiona: kileleni kuna jiwe lenye maandishi ya urefu, watu wanapanga foleni kupiga selfi, na mnara wa mawasiliano. Mji hauuoni, miti imeziba. Watu wengi wanalalamikia hilo, mimi sioni tatizo lakini ni bora ujue mapema. Ukishuka pita kwenye machimbo ya zamani ya Hindhede, kuna bwawa chini ya ukuta wa jabali. Na hilo jabali ni granite, jamaa mmoja na majabali yetu ya Dodoma, tofauti ni kwamba la kwetu liko uchi juani na la kwao limevikwa msitu mpaka kichwani.

Kinamfaa nani: mwenye nusu siku, anayetaka kusema nimesimama kwenye paa la Singapore, na anayependa msitu kuliko mandhari. Mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili kwenye kushuka.

MACRITCHIE NA DARAJA LA JUU YA MITI

Hapa kilima chenyewe hukioni kama kilima. Ni bwawa la maji la kwanza la Singapore, lilikamilika mwaka 1868, limezungukwa na msitu wenye vimwinuko, na viwili virefu kuliko vingine, Bukit Peirce na Bukit Kalang, vimeunganishwa na daraja la kuning'inia linaloitwa TreeTop Walk. Lina urefu wa mita 250, jembamba, na mahali pa juu zaidi liko mita 25 kutoka ardhini, unatembea usawa wa vichwa vya miti. Sisi tunaotegemea visima vya Mzakwe, kusimama pale ukaona maji yametanda na msitu umeyalinda, lazima utaguna.

Kufika: treni mpaka Caldecott au Marymount, kisha basi au miguu. Kuna milango miwili na hapa ndipo watu wanapojichosha bila sababu. Ukiingilia bustani ya MacRitchie yenyewe na kuzunguka mpaka darajani na kurudi, unakata kilomita 10 au 11, ni asubuhi nzima mpaka mchana. Ukiingilia Venus Drive upande wa Windsor, ni kama kilomita mbili na nusu kwenda, unapunguza safari sana.

Ugumu: wa kadiri lakini mrefu. Kupanda kali ni kuchache, ila ukishavuka daraja kuna ngazi nyingi, na kwa joto lile kilomita 10 zinahesabika kama 15 za Dodoma ya mwezi wa sita. Beba maji lita moja na nusu angalau.

Msitu: sehemu kubwa ni msitu uliojiotea upya baada ya mashamba ya zamani, miti si mikubwa kama ya Bukit Timah lakini eneo ni pana zaidi, unaweza kutembea saa nzima bila kusikia gari. Kenge wapo wengi kandokando ya maji, na kima ndio wenye nyumba.

Masharti ya daraja soma vizuri: Jumatatu linafungwa isipokuwa iwe sikukuu, siku za kazi linafunguliwa saa tatu asubuhi na wikendi saa mbili na nusu, mwisho saa kumi na moja jioni, na ni njia ya kwenda tu, ukishaingia hugeuki. Mvua kubwa ikija wanalifunga pia, na mara nyingine kuna matengenezo, kwa hiyo angalia tovuti ya NParks, idara yao ya bustani na hifadhi, usiku kabla hujalala. Kwenda kule kote halafu ukute mnyororo ni uchungu.

Kinamfaa nani: mwenye siku nzima na miguu iliyozoea, na kundi la watu wanaopenda kutembea wakipiga stori. Mwenye kuogopa urefu asijidanganye kwamba atazoea katikati, daraja linatikisika kidogo na nyuma yako kuna watu.

SOUTHERN RIDGES, MOUNT FABER MPAKA KENT RIDGE

Hii ni mnyororo wa vilima vya kusini vilivyounganishwa kwa madaraja na njia za miguu, kama kilomita 10 mwanzo mpaka mwisho, ila unaweza kuingia na kutoka popote, hiyo ndiyo raha yake.

Kufika ni rahisi kuliko vyote. Treni mpaka HarbourFront, unatoka stesheni, unaingia njia ya Marang, ngazi kidogo ndani ya miti, na baada ya muda si mrefu uko Mount Faber unaangalia meli bandarini na magari ya kamba yakielea kwenda Sentosa, kisiwa cha starehe. Yale magari ya kamba yapo tangu 1974.

Ugumu: baada ya zile ngazi za mwanzo ni mteremko mpole. Sehemu inayoitwa Forest Walk ni njia ya chuma iliyoinuliwa, imetengenezwa kwa mwinuko mdogo kiasi kwamba hata kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kinapita. Jua ndilo tatizo, madaraja hayana kivuli, saa sita mchana utaiva.

Msitu: hapa niseme ukweli, sehemu nyingi ni bustani na vichaka vilivyojiotea, unauona msitu kwa juu au pembeni lakini huumo ndani yake. Aliyesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya msitu wa mvua atahisi kama amepunjwa. Lakini mandhari ni ya hapa. Daraja la Henderson Waves, lililofunguliwa 2008, lina mita 274, liko mita 36 juu ya barabara, limejipinda kama mawimbi na sakafu yake ni ya mbao, jioni linawashwa taa. Ndicho pekee kati ya hivi vinne ambacho unaweza kukipanda baada ya darasa kuisha saa kumi na moja.

Na kuna historia. Ukiendelea mpaka Kent Ridge unafika Bukit Chandu, kilima ambacho tarehe 14 Februari 1942 askari wa kikosi cha Kimalay walipigana mpaka mwisho dhidi ya Wajapani, chini ya luteni Adnan Saidi aliyeuawa palepale. Kesho yake Waingereza wakasalimu amri. Kuna makumbusho madogo. Mtu anayependa mambo ya vita atakaa kuliko alivyopanga.

Kinamfaa nani: mwenye saa mbili tatu tu, mama au baba aliyeongozana na mtoto, mtumishi mwenye umri wa kukaribia kustaafu anayetaka kunyoosha miguu bila kuadhibiwa, na wapiga picha.

PULAU UBIN NA KILIMA CHA PUAKA

Kisiwa kidogo pembeni ya kisiwa. Kilima chake cha Puaka ni kama mita 75 hivi, ukikikimbilia unafika juu kabla hujamaliza kulalamika. Hakuna anayekwenda Ubin kwa ajili ya kupanda tu, unakwenda kwa ajili ya siku nzima.

Kufika: hapa ndipo penye kazi. Treni mpaka Tanah Merah, basi namba 2 mpaka Changi Village, kisha boti ndogo ya mbao kutoka kituo cha Changi Point. Boti inasubiri abiria 12 watimie, kama daladala zetu tu, au mlipe viti vilivyobaki muondoke. Nauli dola 4 za Singapore kwa mtu, safari kama dakika kumi. Beba pesa taslimu.

Ugumu: kidogo. Watu wengi wanakodi baiskeli pale kijijini wanapoteremka, wanazunguka kisiwa kwa baiskeli, wanaiegesha chini ya kilima, wanapanda kwa miguu, wanaangalia chini kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji. Granite tena, kisiwa hiki kiliwahi kulisha mawe majengo ya Singapore. Barabara nyingine ni za vumbi na kokoto, utajisikia uko njia ya Kondoa.

Msitu: mchanganyiko wa mashamba ya mpira na minazi yaliyorudi kuwa pori, mikoko, na vichaka. Upande wa mashariki kuna Chek Jawa, njia ya mbao juu ya mikoko na matope ya bahari, serikali ilitaka kupafukia pawe nchi kavu, watu wakapiga kelele, mwaka 2001 mpango ukasimamishwa. Nguruwe pori wanapita barabarani bila wasiwasi, waache wapite. Na kuna hondohondo, ambao Singapore walipotea miaka mingi wakaanza kuonekana tena huku Ubin miaka ya 1990. Kwetu hondohondo ni ndege wa kila siku, lakini pale utaona watu wazima wananyamazishana wakimwona mmoja tu.

Kijiji chenyewe kimebaki na nyumba za mbao za zamani, dafu linauzwa, mbwa wamelala kivulini. Ukirudi Changi Village kuna wali wa nazi, wanauita nasi lemak, wapo wauzaji Waislamu wengi kwa hiyo suala la halali halikusumbui.

Kinamfaa nani: aliyechoka na magorofa na viyoyozi, watu wanaoweza kuendesha baiskeli, na mwenye siku nzima asiyekuwa na ratiba ya jioni. Wikendi boti zinajaa, kurudi kuna foleni.

SASA UKO KWENYE HALI GANI?

Una asubuhi moja na ndege ni jioni: Bukit Timah mapema au kipande cha Southern Ridges. Ubin usithubutu, boti na basi havijui kwamba una ndege.

Darasa linaisha jioni kila siku na wikendi wamewapangia ziara: Southern Ridges, hakuna mjadala. Nenda kama saa kumi na moja na nusu, ukute jua limelegea, ushuhudie taa zikiwaka darajani.

Umetoka Dodoma jana na mwili bado uko saa tano nyuma: usianze na MacRitchie ya kilomita 10. Mwili haujazoea unyevu, usingizi haujakaa sawa, mpe siku mbili tatu kwanza. Wale vijana wa UDOM wanaokimbia kila alfajiri watabisha, sawa, wabishe huku wamebeba maji.

Siku yako huru ni Jumatatu: toa daraja la MacRitchie kwenye hesabu, vingine vyote viko wazi.

Mko kundi mchanganyiko, mmoja mkimbiaji, mmoja na presha, mmoja na viatu vya ofisi: Ubin inawabeba wote, wa kupanda wapande, wengine wabaki na dafu. Au Mount Faber, ambako hata teksi inafika juu.

Mmeshakwenda kote na mmebakiwa na nusu siku: upande wa Dairy Farm, nyuma ya Bukit Timah, kuna njia tulivu zaidi na watu wachache, kima ni walewale.

Na kama asubuhi unachungulia dirishani mbingu imeshakuwa nyeusi na ngurumo zinasikika, usipande chochote, wala daraja wala kilele. Mvua ya kule mara nyingi inanyesha kwa hasira saa moja au mbili halafu inaacha. Kunywa chai, subiri, halafu nenda Southern Ridges maana njia ya chuma inakauka haraka wakati Bukit Timah bado ni utelezi mtupu.